Mahali pa Kuchezea: Kutoka Thimlich Ohinga Hata Awendo

Vitabu vya historia hutusimulia habari za wafalme, vita, mikataba na safari za merikebu. Ni mara chache vitabu hivyo huuliza swali dogo lifuatalo: Watoto wa zama hizo walicheza wapi, na ni nani aliyewatengenezea mahali hapo? Swali hili huonekana dogo, lakini jawabu lake lina mafunzo makubwa. Mtu atakaye kujua kama watu fulani walikuwa na tumaini juu ya kesho yao, asitazame tu ukuta walioujenga kumzuia adui. Na atazame pia nafasi waliyoiacha wazi ndani ya ukuta huo kwa ajili ya wana wao.

Nafasi ya namna hiyo twaweza kuifuata, zama baada ya zama, katika nchi ya kusini ya Nyanza ambayo leo ni kaunti za Migori na Homa Bay. Tuanze na mawe, kwa kuwa mawe hudumu kuliko maneno.

Kaskazini-magharibi ya mji wa Migori, katika nchi kavu yenye vichaka, pana magofu yaitwayo Thimlich Ohinga. Jina hilo la Kijaluo hufasiriwa kuwa msitu mnene wa kutisha. Ndani ya vichaka hivyo zimesimama kuta za mawe zenye kimo cha kati ya meta 1.5 na 4.5, na unene wa wastani wa meta 1. Wataalamu wanakadiria kuwa zilijengwa katika karne ya kumi na sita. Maboma makubwa ya mahali hapo ni manne, nayo huitwa Kochieng, Kakuku, Koketch na Koluoch. Katika nchi za mashariki ya Ziwa Viktoria yamehesabiwa maboma ya namna hiyo zaidi ya 500, lakini Thimlich ndilo kubwa na lililohifadhika vizuri kuliko yote. Mwaka 2018 Shirika la UNESCO liliyatia magofu hayo katika orodha ya Urithi wa Dunia.

Kuta hizo zilijengwa bila chokaa wala udongo wa kushikanisha. Waashi walipanga mawe makubwa upande wa nje na upande wa ndani, kisha wakajaza mawe madogo katikati, hata jiwe likashikwa na jiwe. Milango yake ni mifupi, kiasi kwamba mtu mzima hana budi kuinama apitapo. Sababu yake si ngumu kuifahamu. Zama hizo zilikuwa za hofu: wanyama wakali walizunguka usiku, na wezi wa ng'ombe walikuja kwa makundi. Adui aingiaye hali ameinama hawezi kupigana.

Kazi kama hiyo haikuweza kuwa ya mtu mmoja. Palihitajika mikono ya jamaa nzima: wa kuokota mawe, wa kuyabeba, wa kuyachagua na wa kuyapanga. Hapakuwa na punda wala gari. Kila jiwe tulionalo pale lilichukuliwa na mtu, na yamkini mengi ya yale mawe madogo ya katikati yalichukuliwa na mikono midogo.

Lakini jambo la ajabu si ukuta. Ndani ya boma hilo la hofu pana jiwe lililochimbwa vishimo vilivyopangwa kwa safu. Ni mchezo wa ajua, ndugu wa bao linalochezwa pwani, ingawa bao la Waswahili lina safu nne zenye jumla ya mashimo 32 na kete 64, na ajua ina safu mbili tu. Mawe ya namna hiyo hayako Migori peke yake. Hata kilima cha Hyrax, karibu na Nakuru, pana safu za vishimo vya bao zilizochimbwa katika mwamba. Basi watu wale, ambao walikuwa na kila sababu ya kufikiri juu ya mkuki na ukuta tu, walipata pia saa ya kukaa na kuchimba jiwe kwa ajili ya mchezo. Wazee waliketi hapo wakicheza, na bila shaka vijana walisimama nyuma yao wakitazama, wakajifunza kuhesabu, kungoja zamu na kukubali kushindwa.

Aidha, watu waliokaa Thimlich hawakuwa wa kabila moja. Yalipita makundi ya lugha za Kibantu, na makundi ya lugha za Kiniloti, moja baada ya jingine. Waliokuja nyuma hawakubomoa kazi ya waliotangulia, bali waliitengeneza mahali ilipoharibika, wakaendelea kuitumia hata karne ya ishirini. Mlinzi alibadili lugha yake, na mchezaji alibadili lugha yake, lakini ukuta ulibaki ukuta na ajua ikabaki ajua.

Nchi ilipotulia, watu walitoka polepole katika maboma ya mawe, wakajenga miji yao mmoja mmoja, kila jamaa katika ardhi yake. Boma jipya la Mjaluo lilizungushiwa miti hai, hasa minyaa, ambayo utomvu wake huumiza macho. Ndiyo maana watoto walionywa mapema wasiikate ovyo. Kuanzisha boma kulikuwa ni jambo la heshima. Baba alikwenda alfajiri pamoja na mkewe na mwanawe wa kwanza wa kiume, wakichukua jogoo, shoka na moto. Nyumba ya kwanza ilijengwa siku hiyo hiyo, nao wakalala ndani yake. Tangu mwanzo wake, basi, boma halikuwa kazi ya baba peke yake. Wanaume walisimamisha miti na kuezeka. Wanawake walikata majani na kukandika kuta. Watoto waliteka maji na kuukanyaga udongo kwa miguu yao, na kwao kazi ile haikutofautiana sana na mchezo.

Tazama sasa jinsi boma hilo lilivyopangwa. Nyumba ya mke mkubwa ilielekea lango. Nyumba za wana wa kiume, ziitwazo simba, zilikuwa karibu na lango. Katikati paliachwa uwanja. Hapo ng'ombe walilala, wageni walipokelewa, ngoma zilichezwa, na watoto walishindana mieleka. Malishoni wavulana walicheza adhula, mchezo wa kupiga mpira kwa fimbo zilizopinda, na mtoni walifinyanga ng'ombe wa udongo. Usiku watoto walikusanyika katika siwindhe, nyumba ya bibi mzee, wakasikiliza hadithi na kutegana vitendawili. Mchana walikuwa na uwanja, na usiku walikuwa na siwindhe. Hakuna aliyeviita viwanja vya michezo, lakini ndivyo vilivyokuwa, navyo vilijengwa na jamaa yenyewe.

Kutoka hapo twafika Awendo, mji ulio kando ya barabara kuu itokayo Kisii kwenda Migori na mpaka wa Tanzania. Mwaka 1979 kiwanda cha sukari cha South Nyanza kilianza kazi hapo, na sura ya nchi ikageuka. Mahali palipokuwa na malisho na mashamba madogo ya mtama na mahindi pakaota miwa. Mtu mwenye haki hawezi kuulaani muwa. Wengi walisomeshwa kwa muwa, na nyumba nyingi za mabati ziliezekwa kwa muwa. Hata hivyo, muwa hudai nafasi. Hukaa shambani kwa muda wa mwaka na nusu au zaidi, nao hukua hata ukampita mtu kimo, hivi kwamba mama aliye mlangoni hamwoni mtoto aliye hatua chache kutoka kwake. Zaidi ya hayo, ardhi iliyokuwa ya babu mmoja imegawiwa wana, na wana wakawagawia wajukuu. Kila aliyegawiwa kidogo hutamani kupanda mpaka ukutani, na kitu cha kwanza kumezwa na shamba ni uwanja wa watoto, kwa sababu uwanja hauna mavuno yanayopimwa kwa mizani.

Hapo ndipo penye hatari. Waliotutangulia, ijapokuwa walizungukwa na chui na wezi, waliacha nafasi ya mchezo ndani ya ukuta. Itakuwa aibu kwetu, tusiokuwa na hofu ile, kuwa kizazi cha kwanza kuwanyima watoto mahali pa kukimbilia.

Ulimwengu nao umelitambua jambo hili. Mwaka 1943, Denmark ikiwa imetekwa na Wajerumani, ulifunguliwa uwanja wa watoto huko Emdrup, Copenhagen, kwa shauri la mjenzi wa bustani Carl Theodor Sørensen. Yeye alikuwa ameona kwamba watoto hupenda kucheza na mbao, matofali na makopo yaliyotupwa kuliko vyombo vilivyotengenezwa kwa fedha nyingi. Basi wakapewa vitu hivyo, wakajijengea wenyewe. Mwaka 1959 Umoja wa Mataifa ulitangaza kuwa mtoto astahili nafasi ya kucheza. Mwaka 1989 neno hilo likatiwa katika Mkataba wa Haki za Mtoto, na mwaka 1990 Kenya ikauridhia. Lakini mkataba haufyeki majani, wala sheria haifungi kamba ya bembea. Kazi hiyo ni ya jamaa.

Wala kazi yenyewe si ya gharama. Katika likizo ya mwezi wa Agosti, mvua kubwa za masika zimekwisha kupita, na wanafunzi wako nyumbani. Baba apime kipande cha ardhi uani na kukiwekea mpaka, ili jembe lisikiguse. Mama na binti wasawazishe udongo na kuondoa miiba na vigae. Kaka achague tawi imara la mwembe afunge bembea, nalo lijaribiwe kwanza kwa uzito wa mtu mzima. Wadogo wasokote mpira kwa matambara na majani makavu ya mgomba. Babu, kama yupo, achimbe vishimo vya ajua ardhini na kuonyesha jinsi kokote zinavyotembezwa. Katika siku hizo chache watajifunza kupima, kushauriana na kuheshimu kazi ya mikono ya mwenzao. Mtoto aliyejenga uwanja hauharibu. Na mzee aliyeujenga pamoja na wajukuu hukumbukwa kila bembea inapopaa.

Wahenga walisema, mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Ukimlea katika nyumba iliyobanwa na shamba pande zote, utamfundisha kwamba kisicholeta fedha hakina thamani. Wajenzi wa Thimlich hawakuacha kitabu hata kimoja, wala majina yao hatuyajui. Waliacha ukuta, utuonyeshe walichokiogopa. Na waliacha jiwe la ajua, lituonyeshe walichokipenda. Nasi tutaacha kitu. Ni juu yenu, wasomaji vijana, ambao kesho mtagawiwa mashamba haya, kuamua kama wajao wataona miwa peke yake, au wataona pia, nyuma ya nyumba, kipande cha ardhi kilichokanyagwa na miguu ya watoto hata kikawa kigumu kama sakafu.