Herufi X ya Mwaka 1948



Ndugu wapendwa, wiki hii tunawatafakari watu ambao historia iliwahesabu kabla ya kuwasikiliza: wale wasiovutiwa kimwili na mtu yeyote, awe mwanamume au mwanamke.

Mwaka 1948, huko Marekani, mtaalamu wa viumbe Alfred Kinsey alitoa kitabu kuhusu mwenendo wa wanaume katika mambo ya unyumba. Aliwapanga katika ngazi ya 0 hadi 6, kuanzia anayevutwa na jinsia nyingine tu hadi anayevutwa na jinsia yake tu. Walikuwapo wasioingia popote. Hao akawapa herufi X, wakabaki kando. Mwaka 1980 mwanasaikolojia Michael Storms alipendekeza mivuto hiyo miwili ipimwe kila mmoja peke yake; ndipo aliye na kidogo katika yote miwili alipopata mahali pake.

Mwaka 2001 kijana Mmarekani, David Jay, aliwafungulia watu hao uwanja wa kukutana katika intaneti, wakaanza kujieleza wenyewe. Mwaka 2004 Anthony Bogaert wa Kanada alichunguza majibu ya Waingereza zaidi ya 18,000. Takriban mmoja katika kila mia alisema hajapata kamwe kuvutiwa kimwili na mtu. Na mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani wa mwaka 2013 ulieleza kwamba anayejitambua hivyo asihesabiwe kuwa mgonjwa kwa sababu hiyo.

Kwao tumejifunza kutenganisha mambo tuliyozoea kuyafunga katika furushi moja. Mvuto wa kimwili humwelekea mtu fulani. Ashiki ni mwamko wa mwili, nayo yaweza kuwapo bila kumwelekea yeyote. Mapenzi ya moyo ni hamu ya kuwa na mwenzi; wapo wanaopenda kwa dhati na kutamani ndoa bila mvuto ule wa kwanza, na wapo wasiotamani hata uchumba.

Hapa sisi wachungaji tunakiri kosa. Kijana anapotuambia kwamba mambo hayo hayamgusi, mara nyingi tumekimbilia kumwambia, “Basi una wito.” La hasha! Useja ni sadaka, na sadaka huchaguliwa, kutovutiwa hakuchaguliwi. Bwana wetu mwenyewe, katika Mathayo 19:12, aliwatofautisha waliozaliwa katika hali fulani na wale waliojitoa kwa ajili ya ufalme wa mbinguni. Seminari si maficho ya wanaokimbia maswali ya jamaa.

Vivyo hivyo, wazazi, msimsukume mwana altareni mkidhani ndoa itamponya. Mwacheni aseme. Na anayekusudia kuoa au kuolewa amweleze mchumba wake ukweli mapema, maana ridhaa ya ndoa haijengwi juu ya siri.

Tusimwache yeyote abaki herufi tu. Mungu awabariki.