Khofu ya Daktari Sweet

Sheria ya kujihami haitaji rangi ya mtu. Humruhusu yeyote kutumia nguvu, hata ya kuua, iwapo ana sababu ya maana ya kuamini kwamba maisha yake yamo hatarini. Mahkama ya Uingereza ilikwishatamka mwaka 1604 kwamba nyumba ya mtu ni ngome yake, na Wamarekani wakairithi kauli hiyo. Uzito wote umo katika khofu: ya nani huhesabiwa kuwa ya maana, na nani huipima?

Swali hilo liliulizwa Detroit mwaka 1925. Ossian Sweet, daktari mweusi aliyesoma Chuo Kikuu cha Howard, alinunua nyumba ya matofali katika Mtaa wa Garland kwa dola 18,500. Wakaazi wa mtaa ule, wazungu, waliunda jumuiya ya kuwazuia weusi wasihamie. Katika miezi hiyo hiyo familia nyengine za weusi mjini zilikuwa zimetimuliwa na makundi ya watu kutoka nyumba walizozinunua kihalali. Sweet alihamia tarehe 8 Septemba, yeye na mkewe Gladys, pamoja na ndugu, marafiki na silaha. Usiku wa pili umati ulikusanyika mbele ya nyumba na kuipiga mawe, na polisi waliokuwapo hawakuutawanya. Risasi zikatoka ndani. Mzungu mmoja, Leon Breiner, akafariki na mwengine akajeruhiwa. Watu 11 waliokuwamo, Gladys akiwa mmoja wao, wakashtakiwa kwa mauaji.

Chama cha NAACP kilimwajiri Clarence Darrow, wakili mashuhuri. Mashahidi wa serikali walidai kwamba mtaani mlikuwa na watu wachache tu. Upande wa utetezi haukutosheka na kuhesabu watu na mawe. Ulimtaka Sweet aeleze alichokuwa nacho moyoni usiku ule. Alikulia Bartow, Florida, mji ambao mwaka 1901 kijana mweusi alichomwa moto hadharani akiwa hai. Akazitaja ghasia za Washington za 1919 na za Tulsa za 1921. Mwendesha mashtaka alipinga, lakini Jaji Frank Murphy aliruhusu.

Wahenga walisema aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Kwa uamuzi wa Murphy, makovu ya nyoka yalikubaliwa kuwa ushahidi. Na pale Garland hapakuwa na ung'ongo. Nyoka mwenyewe alikuwapo.

Wazee wa baraza, wanaume 12 wazungu, walishindwa kuafikiana. Mwaka 1926 akashtakiwa peke yake Henry, mdogo wake Sweet. Darrow aliwaambia wazee wapya, wazungu nao, kwamba lau wazungu ndio waliojihami dhidi ya umati wa weusi, hakuna ambaye angeshtakiwa. Tarehe 13 Mei Henry aliachiwa huru, na baadaye mashtaka ya waliobaki yakafutwa. Ushindi huo haukuwapa raha. Kifua kikuu kilimchukua binti mdogo wa Sweet, kisha Gladys, na mwaka 1960 daktari mwenyewe alijiua.

Florida, alikozaliwa Sweet, ilipitisha mwaka 2005 sheria inayomwondolea mtu wajibu wa kurudi nyuma hata akiwa njiani. Wanaoitetea husema humkinga mnyonge wa rangi yoyote. Mjadala ulipamba moto mwaka 2012, pale Trayvon Martin, kijana mweusi wa miaka 17 asiyekuwa na silaha, alipouawa kwa risasi mjini Sanford. Aliyempiga alidai kujihami, na mwaka 2013 akaachiwa huru.

Kuna khofu inayotokana na matendo yaliyokwisha kutendwa, na kuna khofu inayotokana na sura ya mpita njia. Sheria huziita zote kwa jina moja. Sweet alipoulizwa khofu yake imetoka wapi, alijibu kwa kutaja miji na miaka. Kila anayeomba kinga ya sheria hii anastahiki kuulizwa swali lile lile.