Soketi Ilivyofika Kabatini

Ofisi inayofungiwa ndani ya kabati ilitangulia umeme wa majumbani. Mwaka 1874 William Wooton wa Indianapolis, Marekani, alipata hataza ya dawati lenye milango miwili minene. Ukiifungua unakuta droo na vishubaka vya barua na hesabu vinavyozidi mia. Rais Ulysses Grant alikuwa nalo. Soketi halikuwa nayo, maana hapakuwa na cha kuchomeka.

Umeme nao ulipoingia nyumbani uliingia kama taa. Waya uliishia darini, kwenye holda ya balbu, na mwenye pasi ya umeme aliitoa balbu akaunganisha pasi palepale, waya ukining'inia juu ya kichwa chake. Hata plagi ya kuchomoa aliyoipatia hataza Harvey Hubbell mwaka 1904 ilitegemea holda ya taa.

Soketi za ukutani zilipoenea Uingereza, zilikuwa za matundu ya duara na za saizi mbalimbali: ampea 2, 5 na 15. Plagi ya moja haikuingia kwenye nyingine.

Vita Kuu ya Pili ndiyo iliyolazimisha mabadiliko. Mwaka 1942, shaba ikiwa adimu, Uingereza iliunda kamati ya watu 20 kupanga umeme wa nyumba zitakazojengwa baada ya vita. Mwanamke alikuwa mmoja tu, mhandisi Caroline Haslett, bingwa wa usalama wa umeme nyumbani, na kazi ya kamati ile inastahili kukumbukwa zaidi ya inavyokumbukwa. Katika mpango wao, waya mmoja ungetoka kwenye kisanduku cha fyuzi, uzunguke vyumba na kurudi ulikoanzia, soketi zikiunganishwa humo popote zinapohitajika. Plagi ikapewa fyuzi yake yenyewe. Pini ya athi ikafanywa ndefu ili itangulie kuingia na kusukuma vizibo vya matundu mengine mawili, kidole cha mtoto kisifike kwenye umeme. Kiwango hicho, BS 1363, kilitoka mwaka 1947, na plagi yake ndiyo ile ya pini tatu bapa inayotumika Kenya, Uganda na Tanzania.

Kwa kuwa soketi iliweza kuwekwa popote waya ulipopita, ofisi ya kabatini nayo ikaweza kupata soketi yake. Fundi anaweza kuuingiza waya kupitia mgongo wa kabati na kukaza soketi juu ya rafu, badala ya ekstensheni inayobanwa na mlango. Chaja na ruta hutoa joto, kwa hiyo fundi hutoboa pia matundu ya hewa, chini na juu.