Hongo Asiyeonekana

Tarehe 18 Agosti 2024, kule Uvira, Kanisa liliwatangaza kuwa wenye heri mashahidi wanne: Padre Luigi Carrara na Bruda Vittorio Faccin, waliouawa Baraka, na Padre Giovanni Didonè na Padre Albert Joubert, waliouawa Fizi. Wote walikufa siku moja, 28 Novemba 1964, mikononi mwa Simba. Wazee wetu wa Kamituga hawana haja ya kuelezwa Simba walikuwa watu gani. Walinyunyiziwa maji ya dawa, wakaambiwa kwamba risasi itageuka maji, wakaenda vitani wakilitaja jina la Mulele.

Mtu mwenye akili timamu huaminije jambo kama hilo? Tusicheke upesi. Sisi tunaoishi na watu washukao shimoni kutafuta dhahabu twajua hamu ya kupata kinga. Jibu zuri kuliko yote tuliyosoma limo katika mchezo wa kuigiza, nao hausemi habari za Kongo hata kidogo. Ni mchezo wa msiba uitwao Kinjeketile, wa Ebrahim Hussein, mzaliwa wa Kilwa, uliopigwa chapa mwaka wa 1969. Habari yake ni vita vya Maji Maji, vya mwaka 1905 hadi 1907, katika nchi ambayo leo ni Tanzania.

Wadachi waliwalazimisha watu kulima pamba kwa viboko. Mwaka wa 1904, huko Ngarambe karibu na mto Rufiji, Kinjeketile Ngwale alishikwa na pepo aitwaye Hongo. Husimuliwa kwamba aliingia majini, ndugu zake wakamtafuta wasimwone, na kesho yake akatoka, nguo zake kavu. Akagawa maji, na makabila yasiyopatana yakaungana.

Sasa tazameni kazi ya mwandishi. Katika Makbeth, mchezo wa Shakespeare uliofasiriwa kwa Kiswahili na S. S. Mushi mwaka wa 1968, wachawi watatu husimama mbele yetu na kusema. Hongo hatokei. Twaona tu mtu akivutwa na kitu kisichoonekana, kisha akirudi na sauti isiyo yake. Je, ni pepo kweli? Mtazamaji hajui. Lililo baya zaidi, Kinjeketile mwenyewe hajui.

Maana alipopagawa alisema maneno mawili: kwamba maji yatawalinda watu, na kwamba Wadachi wakiisha kuondoka, watu watakuwa watoto wa Seyyid Said, ndiye Sultani wa Unguja. Akili zilipomrudia, neno hili la pili likamtia hofu. Pepo gani huyu anayewatoa watu kwa bwana mmoja ili awakabidhi kwa mwingine? Na kama neno la pili lina mashaka, la kwanza je? Mtume Yohane alituagiza tuzijaribu roho. Kinjeketile anaanza kuijaribu ya kwake, lakini watu wamekwisha kuyashika maji. Tangu hapo kila shangwe ya wapiganaji twaisikia kwa hofu, kwa kuwa sisi twajua shaka yake na wao hawaijui.

Wako watakaopenda mwandishi akate hukumu, aseme waziwazi kwamba pepo yule ni uongo. Hasemi, nasi twaona amefanya vema. Angelisema, tungelikwenda zetu nyumbani mapema.

Vita vyenyewe havikungoja. Mwezi wa Agosti 1905 Askofu Cassian Spiss, Mbenediktini, aliuawa njiani pamoja na mabruda wawili na masista wawili. Mwisho wa mwezi huo, huko Mahenge, bombomu za Wadachi ziliwafyeka wapiganaji. Na njaa iliyofuata vita iliua wengi kuliko risasi. Kwetu, Simba aliyekufa alisemwa kuwa amevunja mwiko. Kwa njia hiyo maji hayakushindwa kamwe.

Kinjeketile wa historia hakuiona Mahenge, kwa kuwa alinyongwa Mohoro tarehe 4 Agosti 1905. Hussein, ambaye mwenyewe aonya kwamba mtu wa mchezo wake si yule wa historia, amwacha hai ayaone maafa. Kifungoni Wadachi wamtaka aseme jambo moja tu, kwamba maji yalikuwa uongo. Anakataa. Aogopa kwamba kesho watoto wataambiwa baba zao walikosa walipoipigania nchi yao. Mtazamaji amngoja Hongo, kwamba labda sasa atasema neno. Hongo hasemi.