Upimaji wa akili katika ukanda wa shaba wa Lualaba

Upimaji wa akili ni utaratibu wa kumpa mtu maswali au kazi zilizopangwa kwa namna moja kwa wote, kisha kulinganisha alama zake na za wenzake wa rika moja. Katika ukanda wa shaba wa Kongo, kutoka Lubumbashi hadi Kolwezi, utaratibu huu ulishika kasi katika miaka ya 1950, na mlezi wake mkuu alikuwa kampuni ya migodi. Historia yake hapa si ndefu, lakini imeacha matokeo yanayostahili kujulikana kuliko yanavyojulikana sasa: watoto wa Katanga, kama eneo hili lilivyoitwa wakati huo, waliporudia jaribio lile lile, alama zao zilipanda.

Mizizi ya nadharia iko Ulaya. Mwaka 1904 Charles Spearman wa Uingereza aliona kwamba wanafunzi wanaofanya vizuri somo moja huelekea kufanya vizuri na mengine, akahitimisha kuwa nyuma ya kazi zote za fikra ipo nguvu moja ya jumla. Mwaka uliofuata, mjini Paris, Alfred Binet na Théodore Simon walitunga kipimo cha kuwatambua watoto waliohitaji msaada shuleni. Binet mwenyewe alipinga wazo kwamba akili ya mtoto ni kiasi kisichobadilika. Onyo lake halikusikilizwa sana. Mwaka 1912 William Stern wa Ujerumani alipendekeza umri wa akili ugawanywe kwa umri wa kuzaliwa, na hapo ikapatikana namba moja ambayo Kongo huitwa QI. Namba hiyo ilipendwa na majeshi, shule na waajiri kwa sababu ni rahisi kuitumia. Louis Thurstone aliipinga mwaka 1938 akitaja vipaji kadhaa vya msingi badala ya nguvu moja. Howard Gardner mwaka 1983 na Robert Sternberg mwaka 1985 waliutanua uwanja zaidi.

Kipimo kilichosafiri mbali kuliko vyote Afrika ni kile cha John Raven, kilichotolewa Uingereza mwaka 1938 na kuitwa kwa Kifaransa Matrix 38. Mtahiniwa huonyeshwa mchoro wenye pengo, naye huchagua kipande kinachokamilisha mpangilio. Maswali ni 60, katika mafungu matano ya 12, na kila fungu huanza na jepesi. Kwa kuwa hakihitaji kusoma wala kuandika, wengi walikichukua kuwa kipimo kisicho na utamaduni wowote. Dhana hiyo haikuwa sahihi. Kujua kwamba mchoro bapa kwenye karatasi una kanuni ndani yake, kwamba kanuni hiyo husomwa kwa safu na kwa nguzo, na kwamba anayeuliza tayari anajua jibu, ni mambo ambayo mtu hufundishwa, mara nyingi darasani.

Kampuni na wapimaji wake

Union Minière du Haut-Katanga ilianzishwa mwaka 1906. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1920 iliacha taratibu mtindo wa kuchukua vibarua wa muda mfupi, ikawaweka wafanyakazi na familia zao kwenye kambi karibu na migodi. Kolwezi, iliyoanza kujengwa mwaka 1937, ikawa kitovu cha migodi yake ya magharibi. Watoto waliozaliwa kambini walisoma shule za kambini, na kampuni ikawatazama kama mafundi wa kesho. Kutoka hapo swali la mwajiri likawa: nani afunzwe umeme, nani apewe mashine, nani awe kapita, yaani msimamizi wa wenzake? Kituo cha saikolojia cha kampuni mjini Elisabethville, yaani Lubumbashi ya leo, kilikuwa na kazi ya kulijibu.

Haifai kusahau aina ya swali hilo. Binet aliulizwa ni mtoto gani asaidiwe. Mwanasaikolojia wa mgodi aliulizwa ni nani achaguliwe. Kipimo kile kile kikiwekwa mikononi mwa anayechuja, alama ya chini humfungia mtu mlango.

Upande wa kusini jambo hili lilikuwa limeanza mapema. Mwaka 1943 Simon Biesheuvel wa Afrika Kusini alichapisha kitabu kuhusu akili ya Waafrika, akieleza kwamba mazingira ya malezi yanatofautiana mno kiasi kwamba kulinganisha alama za jamii mbili hakuna msingi. Baadaye taasisi aliyoiongoza ilitunga majaribio ya kuchagua wafanyakazi wa migodi ya dhahabu, yenye maelekezo ya filamu isiyo na sauti.

Nchini Kongo mtafiti mkubwa wa kipindi hicho alikuwa André Ombredane, daktari na mwanasaikolojia Mfaransa aliyefundisha Chuo Kikuu Huru cha Bruxelles hadi alipofariki mwaka 1958. Pamoja na wenzake alitumia michoro ya rangi ya Raven kwa Wasalampasu wa Kasai, na badala ya kupima mara moja akarudia. Matokeo yao ya mwaka 1956 yalionyesha mambo mawili. Alama zilipanda kila awamu, na alama za awamu za baadaye zilioana vizuri zaidi na vigezo vingine vya uwezo kuliko zile za mwanzo. Maana yake ni kwamba mara ya kwanza mtahiniwa alikuwa bado akijifunza jaribio ni nini, na mpimaji akaandika ugeni huo kama upungufu wa akili.

Mwaka 1959 mwanasaikolojia J. L. Laroche alichapisha uchunguzi wake kuhusu kurudia Matrix 38 kwa watoto wa Katanga wenyewe, naye pia alikuta kwamba mazoezi yanabadilisha alama. Pamoja na Paul Verhaegen alikuwa amekwisha kuandika, mwaka 1958, juu ya masharti ya kupima vipaji Afrika ya Kati: mtahiniwa azoeshwe vifaa na maelekezo kabla alama haijaandikwa. Wote wawili walikuwa watumishi wa mfumo wa kikoloni, na bado ushahidi walioukusanya unaudhoofisha msingi wa mfumo huo. Wakati huo huo Robert Maistriaux alikuwa akichapisha, katika kitabu chake cha mwaka 1957, maelezo ya akili ya Mweusi kama jambo lenye upungufu unaotafutiwa chanzo. Tofauti kubwa kati yake na Ombredane ni kwamba Ombredane aliuliza kwanza kama upungufu wenyewe upo.

Akili inayoonekana pale ilipozoezwa

Ng'ambo ya mpaka, nchini Zambia, Robert Serpell alilitazama swali hili kwa njia nzuri isiyo na makeke. Katika uchunguzi aliouchapisha mwaka 1979 aliwapa watoto wa Lusaka na wa Manchester, Uingereza, kazi ya kunakili maumbo. Kwa kalamu na karatasi Waingereza waliongoza. Kwa waya Wazambia waliongoza, kwa kuwa walikuwa wamezoea kujitengenezea magari ya waya. Kwa udongo wa kufinyanga walilingana. Mtu aliyepima kwa kalamu peke yake angerudi nyumbani na nusu ya ukweli.

Magharibi ya Lualaba upo mfano ambao kwa maoni ya mwandishi ungepaswa kuwa kwenye kila kitabu cha saikolojia kinachofundishwa Kolwezi. Wachokwe, jirani na ndugu wa Walunda ambao mfalme wao, Mwant Yav, ana makao yake Musumba, wana desturi ya kuchora sona mchangani. Mchoraji hupanga nukta kwa ncha za vidole, safu kwa safu, kisha huzizungushia mstari unaopinda na kurudi, mara nyingi bila kuinua kidole, huku akisimulia hadithi au kitendawili. Wavulana walifundishwa misingi yake katika jando la mukanda. Paulus Gerdes, mwanahisabati wa Msumbiji, aliichambua michoro hiyo kwa miaka mingi, akaonyesha kwamba ndani yake mna ulinganifu na kanuni: mchoraji lazima ajue ni mipangilio ipi ya nukta inakubali mstari mmoja na ipi itadai miwili au zaidi. Hiyo ndiyo fikra ambayo Raven alitaka kuipima, kutambua kanuni ya mpangilio na kuikamilisha. Laiti wapimaji wa miaka ya 1950 wangeanzia mchangani.

Utafiti wa Afrika Mashariki unaelekea upande huo huo. Mallory Wober aliandika mwaka 1974 kwamba wanakijiji wa Buganda waliihusisha akili na kwenda polepole na uangalifu. Jaribio la kukimbizana na saa huenda likamwadhibu yule ambaye kwao ndiye mwenye busara. Mwaka 2001 Sternberg na wenzake walieleza kuhusu watoto wa Usenge, karibu na Kisumu, waliopimwa ujuzi wa dawa za mitishamba: waliozijua vizuri walielekea kupata alama ndogo kwenye majaribio ya maneno ya shuleni. Familia zilikuwa zimewekeza kwingine.

Mwili, shule na matumizi ya sasa

Alama hubeba pia hali ya afya. Mwaka 1993 Michael Boivin na Bruno Giordani walionyesha kwamba watoto wa shule wa Zaire waliopewa madini ya chuma na dawa za minyoo waliboresha alama zao. Huko Embu, Kenya, watoto waliopimwa mwaka 1998 walipata alama za juu sana kuliko wa mwaka 1984, na watafiti waliuhusisha mwendo huo na lishe bora pamoja na wazazi waliosoma zaidi. Madini ya risasi ni sumu inayojulikana kudhuru ubongo wa mtoto hata kwa kiasi kidogo, kwa hiyo katika mitaa iliyo jirani na migodi na viwanda vya kuyeyusha madini haifai alama kusomwa bila kuuliza kuhusu vumbi na maji.

Hata hivyo data za zamani zimeendelea kutembea bila maelezo yake. Mwaka 2002 Richard Lynn na Tatu Vanhanen walitoa kitabu kilichozipa nchi za dunia wastani wa QI, wakitegemea kwa Afrika vipimo vichache, vingine vya enzi ya ukoloni. Jelte Wicherts na wenzake walionyesha mwaka 2010 kwamba uteuzi huo uliacha nje sampuli nyingi zenye alama za juu, na kwamba haijathibitika kuwa kipimo cha Raven kinapima kitu kile kile katika jamii hizo.

Leo mwanafunzi wa Kongo anayemaliza darasa la nane hufanya TENASOSP, mtihani wa taifa wa uteuzi na uelekezaji wa masomo na kazi, na mshauri wa shule hutumia matokeo kumwelekeza kwenye tawi la masomo. Kwa mshauri wa Kolwezi, Dilolo au Kapanga, masharti ya Verhaegen na Laroche bado yanatekelezeka bila gharama kubwa: mazoezi kabla ya kupima, maelekezo kwa Kiswahili, Kilunda au Kichokwe pale Kifaransa kinapokwamisha, na nafasi ya pili kabla ya jina kuandikwa kwenye orodha.