Asili ya Wakati Ujao katika Kiingereza

Mwanafunzi wetu akiandika kwa Kiingereza "When the rain will come, we shall plant", mwalimu humkata kwa wino mwekundu, wala hamwambii sababu. Mimi nami nalikatwa hivyo nilipokuwa kijana, nikadhani kwamba akili yangu ni nzito. Kumbe kosa hilo lina asili yake katika historia ya lugha zote mbili.

Kiingereza cha kale hakikuwa na umbo la wakati ujao. Vitenzi vyake vilikuwa na maumbo mawili tu, la wakati uliopo na la wakati uliopita. Mtawa Ælfric aliandika sarufi ya Kilatini kwa Kiingereza karibu na mwaka 1000; alipofikia neno lenye maana ya "nitapenda", alilieleza kwa umbo la wakati uliopo, akaongeza maneno ya leo na kesho, msomaji apate kufahamu.

Baadaye vitenzi viwili vilishika kazi hiyo: "shall", ambacho asili yake ni kuwiwa deni, na "will", ambacho asili yake ni kutaka. Na sisi je? Ile -ta- ya "atakuja" ni kipande cha kutaka, na katika "atakayekuja" twakiona kizima. John Wallis, mtaalamu wa hesabu, alitoa mwaka 1653 kanuni ya kutenga "shall" na "will" kwa nafsi. Shule ziliifundisha muda mrefu, ijapokuwa siku hizi "will" imeenea kwa nafsi zote.

Lakini baada ya "when" na "if" Waingereza walibaki na desturi ya kale ya wakati uliopo. Si daima: Biblia yao ya mwaka 1611 yatia "shall" mahali hapo mara nyingi. Basi kijana wetu, akifuata "itakaponyesha", hakupotea mbali sana.

Mimi huwaanzisha kwa -ki-. "Mvua ikinyesha, tutapanda": -ki- hapa haina wakati ujao, nao Waingereza husema "When the rain comes". Lakini pale ambapo Kiswahili chataka "lini", "will" hubaki: "Sijui mvua itanyesha lini" ni "I do not know when the rain will come."