SEHEMU YA 6: Kaseti za gemu za zamani, na kile kilichomo ndani

Juzi mmoja wenu kaniandikia inbox. Mume wake kakuta kaseti zake za gemu za utotoni, sasa anazifungua kwa bisibisi sebuleni, na mtoto wa mwaka mmoja na nusu anazunguka chini ya meza. Anauliza, "Dada nesi, hivi vitu kweli ni mali?"

Nianzie mbali kidogo. Mashine ya kwanza ya nyumbani ya kubadilisha kaseti zenye gemu ndani ya chipu ilitoka Marekani mwaka 1976, ikaitwa Fairchild Channel F. Aliyeongoza kazi ile ni injinia Mmarekani Mweusi, Jerry Lawson. Mwaka 1983 Nintendo wakatoa Famicom kule Japani, na kopi zake ndizo wengi wetu tulizozijua kama TV gemu. Umeme ukikatika unaanza upya, mnakumbuka?

Kaseti yenyewe haifi haraka. Gemu imeandikwa kwenye chipu, haihitaji umeme kuitunza. Meno yakichafuka unasafisha, inawaka. Kinachokufa ni kumbukumbu ya pale ulipofikia. Mwaka 1987 The Legend of Zelda iliingia Marekani ikiwa na betri ndani, bapa kama sarafu, kama ya rimoti ya gari. Betri hizo hudumu miaka 15, 20, nyingine zaidi. Zikiisha, gemu inacheza ila haikukumbuki tena.

Mali? Julai 2021 Super Mario 64 ambayo haijawahi kufunguliwa iliuzwa mnadani Marekani kwa dola milioni 1.56. Haijafunguliwa, jamani! Ya shemeji yetu imechezewa, haina boksi, na kama ni kopi basi ni kumbukumbu tu.

Sasa ndiyo maana nimeandika. Miaka yote ile betri ilikuwa imechomelewa ndani ya plastiki, mtoto haifikii. Leo watu wanafungua kaseti kubadilisha betri, na ile kuukuu inaachwa mezani. "Si imekufa?" Hapana. Iliyoshindwa kutunza gemu bado ina umeme wa kuchoma koo. Ya milimita 20 inanasa kwenye umio wa mtoto, na ndani ya saa 2 inaweza kuunguza vibaya. Nimempokea mtoto wa hivyo. Mama alidhani ni mafua, maana alikuwa anatoka mate tu na kukataa kula.

Ukihisi kameza, usimtapishe, usimlishe, usisubiri itoke yenyewe. Mkimbize hospitali yenye eksirei, useme neno "betri" pale pale mapokezi. Betri kuukuu izungushie selotepu pande zote, iweke juu kabisa.

Kaseti za Nintendo Switch, za mwaka 2017, hazina betri hiyo, ila ni ndogo kama kadi ya simu, kwa hiyo wamezipaka dawa chungu mtoto ateme. Nimeilamba ya mpwa wangu kuhakikisha. Nilisukutua mara tatu.

Sehemu ya 7 kesho kutwa nikitoka zamu ya usiku.